Waya Una Intaneti, Simu Haina: Kutafuta Ubovu wa Hotspoti ya Laptopu

Laptopu imechomekwa waya na kurasa zinafunguka vizuri tu. Umewasha hotspoti, simu imeiona, nenosiri limepita, alama ya Wi-Fi imekaa juu ya kioo. Unafungua ukurasa wa kwanza: kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha simu inakuambia hakuna intaneti.

Hapo wengi wetu huanza kuzima na kuwasha kila kilicho karibu: simu, laptopu, ruta, hata soketi ya ukutani. Mara nyingine inasaidia, na hapo ndipo penye ubaya, kwa sababu hujajua kilichougua ni kipi na kesho kitaugua tena. Mimi siku hizi huanza na jambo moja tu: naangalia simu imepewa anwani gani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Namba hiyo inaonyesha tatizo liko upande gani kabla sijagusa mpangilio wowote.

Sababu ni hii. Laptopu inapogawa intaneti ya waya kwa Wi-Fi, inageuka ruta ndogo yenye kazi tatu. Ya kwanza ni kurusha mawimbi ili simu ione jina la mtandao. Ya pili ni kugawa anwani, kazi inayoitwa DHCP. Ya tatu ni kupokea maombi ya simu, kuyabandika anwani yake yenyewe na kuyatoa nje kupitia waya; hiyo ndiyo NAT. Kazi hizi hufa moja moja. Jina linaweza kuonekana huku hakuna anayegawa anwani, na anwani inaweza kugawiwa vizuri huku mlango wa kutokea umefungwa.

Kwenye Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi na uguse jina la mtandao uliounganishwa. Kwenye iPhone, gusa ile herufi i iliyo ndani ya duara. Ukikuta anwani inayoanza na 192.168.137, imetoka kwenye laptopu ya Windows. 192.168.2 kwa kawaida ni ya Mac. 10.42.0 ni ya Linux inayotumia NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao. Ukiona mojawapo ya hizo, kazi mbili za kwanza ziko hai, kwa hiyo ruka mpaka sehemu ya "Anwani ipo, intaneti haipo". Ukikuta 169.254, au hakuna anwani kabisa, simu iliomba ikakosa wa kuijibu. Ukikuta anwani ya familia nyingine, basi simu imedandia mtandao mwingine inaoukumbuka, au kuna mtu aliwahi kuiwekea anwani ya kudumu akasahau kuitoa.

Kwanza hakikisha waya wenyewe

Nimewahi kupoteza karibu jioni nzima nikihangaika na hotspoti, kumbe waya ulikuwa umekufa tangu asubuhi na laptopu ilikuwa inapata intaneti kwa Wi-Fi ya chumba kile kile. Kurasa zilifunguka, nikaamini waya ni mzima. Kwa hiyo jiondoe kwanza kwenye mtandao wowote wa Wi-Fi ambao laptopu imejiunga nao, halafu fungua ukurasa ambao hujaufungua leo. Angalia hapa: jiondoe kwenye mtandao, usizime Wi-Fi yenyewe. Kadi ya Wi-Fi ikizimwa, hotspoti haina cha kurushia.

Kama ukurasa haufunguki, tatizo si la kugawa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, utafute sehemu ya Ethernet, yaani ya waya. Anwani ya 169.254 hapo ina maana kwamba laptopu yenyewe haijajibiwa na ruta. Badilisha waya, badilisha tundu la ruta, ndipo uendelee.

Na kama mtandao wa waya una ukurasa wa kuingia, ule unaodai jina na nenosiri kabla ya kukuruhusu, ingia kwanza ukiwa kwenye laptopu.

Hotspoti inakataa kuwaka

Kwenye Windows 10 na 11 kitufe kipo kwenye mipangilio ya mtandao, kwa jina la Mobile hotspot. Kikigoma kwa ujumbe kwamba kompyuta haina muunganisho wa Ethernet, Wi-Fi au data, wakati wewe unaona wazi kuwa waya unafanya kazi, mshukiwa wa kwanza ni VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali kwanza. Ikate, ujaribu tena. Mshukiwa wa pili ni muunganisho wa PPPoE uliotengenezwa ndani ya laptopu yenyewe, yaani ule unaopiga kwa jina na nenosiri la mtoa huduma. Kitufe hiki hakielewani nao. Ukiweza, ihamishie kazi hiyo kwenye ruta, laptopu ipokee waya wa kawaida tu.

Kuna mtego mwingine hapa ambao umewapotosha wengi. Maelekezo ya zamani, ya enzi za Windows 7, yanakwambia uandike `netsh wlan set hostednetwork` na amri nyingine kadhaa. Kabla hujafika mbali utaambiwa uandike `netsh wlan show drivers` na utafute mstari wa "Hosted network supported". Kadi nyingi mpya zinajibu No, na mtu anaondoka akiamini laptopu yake haiwezi kugawa. Inaweza. Njia ile ya zamani imeachwa na draiva mpya (draiva ni programu inayoendesha kadi), na nafasi yake imechukuliwa na Wi-Fi Direct, njia ya vifaa kuunganika moja kwa moja bila ruta, ambayo ndiyo inayotumiwa na hotspoti ya leo.

Cha kuangalia ni kama kadi ya kubuni ya Wi-Fi Direct ipo na haijazimwa. Fungua Device Manager, kwenye menyu ya View chagua vifaa vilivyofichwa vionekane, kisha panua orodha ya kadi za mtandao. Tafuta Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter. Ikiwa na mshale mdogo unaoelekea chini, imezimwa: bofya kulia uiwashe. Ikiwa haipo kabisa, ondoa draiva ya kadi ya Wi-Fi na uweke ile inayotoka kwa mtengenezaji wa laptopu, si ile ya jumla iliyojileta yenyewe.

Kwenye Mac, swichi ya kugawa intaneti haikubali mpaka uwe umechagua inatoka wapi (Ethernet) na inakwenda wapi (Wi-Fi). Na kama waya wako unaingia kwa uthibitisho wa 802.1X, yaani lazima ujitambulishe kabla waya haujafunguliwa, kama ilivyo kwenye ofisi na vyuo vingi, Mac haitagawa, hata ufanyeje. Kwenye Linux, andika `iw list` na utafute neno AP chini ya aina za kazi ambazo kadi inaziweza. Lisipokuwepo, nunua kijikadi cha USB chenye uwezo huo na uachane na kuhangaika.

Hotspoti imewaka, simu haioni jina

Karibu kila mara ni bendi, yaani masafa ya mawimbi. Laptopu imeamua kurusha kwenye 5 GHz na simu ni ya zamani, inajua 2.4 GHz peke yake. Ingia kwenye sifa za hotspoti, bendi iwe 2.4 GHz, na jina litatokea ndani ya sekunde chache.

Lakini hata simu mpya inaweza kukosa jina. Chaneli 12 na 13 za 2.4 GHz zinaruhusiwa katika nchi nyingi lakini hazitumiki Marekani, na simu iliyopangwa kwa kanuni za huko haizitafuti. Isitoshe, kadi ya Wi-Fi ina redio moja mara nyingi. Kama laptopu yenyewe imejiunga na Wi-Fi nyingine, hotspoti italazimika kukaa kwenye chaneli ile ile ya mtandao huo, upende usipende. Kwa kuwa intaneti yako inatoka kwenye waya, huna sababu ya kubaki umejiunga na Wi-Fi hiyo. Jiondoe.

Kama jina lilionekana, ukaenda kuchukua simu ya pili, ukarudi halipo, soma sehemu ya mwisho.

Nenosiri linakataliwa

Futa mtandao huo kwenye kumbukumbu ya simu na uandike nenosiri upya, ukiwa umegusa jicho ili uone unachoandika. Kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi tupu mwishoni baada ya kukukamilishia neno, na nafasi hiyo inahesabika kama herufi. Nenosiri liwe na herufi 8 au zaidi. Simu ikiwa ya zamani na laptopu imewekwa usalama wa aina ya WPA3, rudisha WPA2.

Simu inakwama kwenye "inapata anwani ya IP"

Hapa nenosiri limeshakubaliwa. Simu imeuliza "nani atanipa anwani?" na hakuna aliyejibu, au jibu limezuiwa njiani. Kwenye Windows mshukiwa mkuu ni faiwoli, yaani mlinzi anayechuja kinachoingia na kutoka kwenye kompyuta, na hasa ile inayokuja na antivirasi ya kununua. Faiwoli ya Windows inaijua hotspoti ya Windows na huiachia njia. Ya antivirasi inaiona kadi mpya ambayo haijawahi kuikuta, inaiweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, na inafunga milango yote, ukiwemo mlango wa UDP namba 67 ambao maombi ya anwani hupitia.

Izime hiyo faiwoli kwa dakika tano. Iunganishe simu. Ikipata anwani, umempata mwizi: iwashe tena, uingie kwenye mipangilio yake na uitaje kadi ya hotspoti kuwa mtandao unaoaminika. Usiishi na faiwoli iliyozimwa kwa sababu ya simu moja.

Kama hakuna kilichobadilika, fanya jaribio lifuatalo, ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko yote kwa kazi hii. Kwenye simu, badilisha mpangilio wa IP wa mtandao huo kutoka wa kujipangia wenyewe kwenda wa kudumu, kisha jaza hivi kwa laptopu ya Windows (lango ni anwani ya laptopu yenyewe, DNS ni seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na 8.8.8.8 ni seva ya Google):

Anwani ya IP: 192.168.137.50
Lango: 192.168.137.1
Urefu wa kiambishi cha mtandao: 24
DNS: 8.8.8.8

Intaneti ikifunguka, ina maana mawimbi ni mazima na njia ya kutoka ni nzima. Aliyekufa ni mgawa anwani peke yake. Unaweza hata kuendelea kutumia simu hivyo hivyo huku unatafuta dawa. Isipofunguka, usipoteze muda na DHCP, ubovu ni mkubwa zaidi ya huo.

Mgawa anwani akiwa ndiye aliyekufa, andika `services.msc`, tafuta huduma ya Internet Connection Sharing, uisimamishe na kuianzisha upya. Kwenye Linux kisa huwa kingine: NetworkManager huita dnsmasq igawe anwani, na ikikuta tayari kuna dnsmasq nyingine au seva ya DNS iliyokalia mlango wa 53, inashindwa kimya kimya. `sudo ss -lunp | grep :53` itakuonyesha aliyekalia.

Anwani ipo, intaneti haipo

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na lina sababu nyingi kuliko yote, kwa hiyo twende hatua kwa hatua. Weka kwenye simu programu yoyote ya kupiga ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. Piga kwanza lango, yaani 192.168.137.1 kwa Windows. Kisha piga 8.8.8.8. Mwisho piga jina la tovuti yoyote.

Lango likikataa, usikimbilie kusema laptopu imekufa, maana faiwoli nyingi hazijibu ping hata zikiwa zinapitisha kila kitu. Jibu la 8.8.8.8 ndilo lenye uzito. Namba ikijibu na jina likagoma, umekamata DNS. Kwenye Android angalia mpangilio wa DNS ya faragha: ukiwa umewekewa jina la seva fulani, simu inaitafuta seva hiyo kupitia mlango wa 853, na baadhi ya mitandao imeufunga mlango huo. Uweke kwenye hali ya kujichagulia, au uuzime. Kama si hiyo, ipe simu DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwa mkono.

8.8.8.8 isipojibu, mlango wa kutokea ndio umefungwa. Kwenye Windows, angalia kwanza kama hotspoti inagawa kutoka Ethernet. Kisanduku hicho kipo juu kabisa ya ukurasa wa hotspoti, na kina tabia ya kubaki na chaguo la zamani. Kama ni sahihi na bado hakuna kitu, fanya kwa mkono. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `ncpa.cpl`. Utaziona kadi zote. Kati yake ipo yenye jina la ajabu, Local Area Connection, kisha kinyota, kisha namba, tuseme 12. Hiyo ndiyo hotspoti, na huonekana tu ikiwa imewashwa. Sasa bofya kulia kwenye Ethernet, fungua sifa, nenda kichupo cha Sharing. Kama pana tiki, itoe, ubonyeze OK, ufungue tena, uirudishe, na kwenye orodha ya chini uchague ile yenye kinyota. Huko kutoa na kurudisha tiki si uganga: Windows inaandika upya kanuni za kugawa, na mara nyingi zilikuwa zimebaki zikielekeza kwenye kadi ambayo haipo tena, kama adapta ya USB uliyoichomoa mwezi uliopita.

VPN nayo inahusika hapa. Laptopu inapokuwa ndani ya VPN, njia yake ya kutokea si Ethernet tena, ila wewe bado unagawa Ethernet. Simu inabaki imeshika mkia wa ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Kata VPN, au uiweke kwenye simu yenyewe.

Watumiaji wa Linux wenye Docker, sikilizeni: Docker ikiwaka huiwekea iptables, faiwoli ya Linux, msimamo wa kukataa kila pakiti (kipande cha data) inayopita katikati. Hotspoti inagawa anwani vizuri kabisa, halafu hakuna kinachotoka. Andika `sudo iptables -L FORWARD`. Ukiona "policy DROP" kwenye mstari wa kwanza, simamisha Docker na ufungue njia, au uweke kanuni inayoruhusu kadi yako ya Wi-Fi kupita.

Kisa kimoja kilinichukua muda mrefu kukielewa. Rafiki alikuwa na laptopu inayogawa kwa waya, nami nikachomeka waya huo kwangu ili nigawe kwa Wi-Fi. Zote mbili zilikuwa Windows. Upande wa waya nilipewa 192.168.137.20, na hotspoti yangu nayo ikawa inagawa 192.168.137. Laptopu ilikuwa na mtandao ule ule mbele na nyuma, haikujua pakiti ielekee wapi. Kila jaribio lilionyesha kila kitu ni kizima. Tulipochomeka waya wangu kwenye ruta moja kwa moja, simu ikapata intaneti papo hapo. Hivyo linganisha anwani ya Ethernet na ya hotspoti. Sehemu tatu za mwanzo zisifanane.

Mwisho, kuna mitandao inayokataa kugawiwa kwa makusudi. Kila pakiti ina kihesabu kinachoitwa TTL, na kila inapopita kwenye ruta, au laptopu inayogawa, hupungua kwa moja. Pakiti ya simu iliyoanza na 64 inatoka kwenye laptopu ikiwa na 63, na mwenye mtandao akitaka anaweza kuzikamata hizo. Ukiwa ofisini au chuoni na kila kitu ni kizima isipokuwa hiki, muulize msimamizi kabla hujaendelea kubishana na mitambo yake.

Baadhi vinafunguka, vingine vinaning'inia

Meseji zinaingia, picha haziji. Tovuti moja inafunguka, nyingine inabaki nyeupe. Hapa shuku ukubwa wa pakiti. Ethernet ya kawaida hubeba baiti 1500. Njia ya PPPoE hubeba 1492, na VPN hupunguza zaidi. Kwenye laptopu ya Windows andika `ping -f -l 1472 1.1.1.1`. Zile 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Ukiambiwa pakiti inahitaji kukatwa, shuka mpaka 1464, na uendelee kushuka hadi ijibu. Jibu likija kwenye 1464, kikomo chako (MTU) ni 1492, na unaiambia Windows hivi, ukiwa umefungua dirisha la amri kama msimamizi:

`netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1492 store=persistent`

Inafanya kazi, lakini polepole

Laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu la Ethernet, kwa hiyo waya unaingia kupitia adapta ya USB. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio karibu na 2.4 GHz, ndiyo bendi ya hotspoti yako. Adapta inayokuletea intaneti inaweza kuwa ndiyo inayoinyima simu. Ihamishie upande wa pili wa laptopu, au itumie na kipande cha waya wa USB ili ikae mbali, au hamia 5 GHz kama simu inaiweza.

Pia angalia kasi ambayo Ethernet imekubaliana na ruta. Ikisoma 100 Mbps badala ya 1000, na ruta yako ni ya gigabiti, huenda kuna uzi mmoja uliokatika ndani ya waya: gigabiti inataka jozi zote nne, 100 inatosheka na mbili.

Inakatika yenyewe, au inapotea ukiwasha upya

Hotspoti ya Windows ina kipengele cha kuokoa umeme kinachoizima ikikaa dakika chache bila kifaa kilichounganishwa. Kipo kwenye ukurasa ule ule wa hotspoti, kizime. Laptopu ikilala, au ukifunga kifuniko, kila kitu kinalala nayo, Mac hali kadhalika.

Kwa waliogawa kwa mkono kupitia kichupo cha Sharing, kuna kasoro inayojulikana tangu Windows 10 toleo 1709: tiki inabaki mahali pake baada ya kuwasha upya, lakini intaneti haipiti. Fungua `regedit`, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza DWORD iitwayo `EnableRebootPersistConnection` yenye thamani 1. Kisha kwenye `services.msc` ifanye huduma ya Internet Connection Sharing ianze yenyewe kila kompyuta inapowaka. Kitufe cha Mobile hotspot chenyewe utakibonyeza tena kwa mkono kila ukiwasha upya.